Dalali amekuja na deni la zaidi ya miaka kumi: hukumu ya zamani ina nguvu gani?

Swali:

"Wakili, salamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Likoni. Mwaka 2011 nilichukua friji, televisheni na seti ya viti kwenye duka moja kwa mpango wa lipa mdogo mdogo. Biashara ikayumba, nikashindwa kumaliza. Mwaka 2012 wenye duka walikuja wakaondoka na friji, nami nikadhani tumemalizana. Nikahamia Ukunda, nikakaa huko hadi 2016. Mwaka 2015 kijana mmoja alinipigia simu akasema ametumwa na wakili wa duka. Nikamtumia shilingi 45,000 kwa M-Pesa nipate kupumua. Tangu hapo kimya. Wiki hii, Septemba 2025, dalali ameniletea karatasi ya kesi ya 2013 ya mahakama ya hakimu Mombasa. Anadai 493,000. Ameorodhesha vyerehani vyangu vitatu, friji ya mke wangu, televisheni, viti, na pikipiki ambayo ni ya ndugu yangu. Amenipa siku saba. Samansi sijawahi kuiona. Rafiki yangu anasema deni likipita miaka sita limekufa, nisimjali. Ni kweli? Na wanaweza kunifunga?"

Jibu:

Usimpuuze dalali, na usimlipe leo. Siku saba alizokupa ni haki yako kisheria, na kazi ya kwanza ya kufanya ndani ya siku hizo iko masjala ya mahakama, yaani ofisi inayotunza mafaili ya kesi.

Rafiki yako amechanganya hesabu mbili. Sheria ya Ukomo wa Madai ya Kenya, Sura ya 22, inampa mtu anayedai deni la mkataba miaka sita ya kwenda kortini. Duka lilikushtaki 2013, mwaka mmoja tu baada ya kuchukua friji, kwa hiyo hiyo miaka sita waliitumia mapema na imekwisha kazi yake. Kesi ikishaamuliwa, deni halisimami tena juu ya mkataba wa dukani. Linasimama juu ya hukumu, na hukumu ina umri wake: miaka 12 tangu siku ilipotolewa, kwa mujibu wa kifungu cha 4(4) cha sheria hiyo hiyo. Zamani mawakili walibishana sana hapa, kwa sababu kifungu kinazungumzia "kesi" juu ya hukumu, na mtu angeweza kusema kumtuma dalali si kufungua kesi. Mahakama ya Rufaa ilifunga mjadala huo mwaka 2007: hatua za kutekeleza hukumu nazo zinahesabiwa humo, na zinakufa miaka 12 ikitimia.

Sasa swali lako linakuwa la tarehe. Kesi yako ni ya 2013, lakini mwaka ulio kwenye nambari ya kesi ni mwaka wa kufunguliwa kwake, si mwaka wa hukumu. Kama hukumu ilitoka Juni 2013, dalali amechelewa miezi mitatu na safari yake ni ya bure. Kama ilitoka Juni 2014, duka bado lina miezi tisa mkononi. Karatasi uliyonitumia haina tarehe ya hukumu, jambo ambalo peke yake linakera, lakini ina hesabu, na hesabu husema mengi. Wameandika deni la msingi 168,000, riba 258,720, gharama za kesi 22,000, na ada ya dalali 44,280. Riba ni asilimia 14 kwa mwaka. Asilimia 14 ya 168,000 ni 23,520. Gawanya 258,720 kwa 23,520, unapata 11 kamili. Yaani mtu aliyepiga hesabu hii ofisini kwa wakili wa duka anaamini kuna miaka 11 imepita tangu riba ianze kuhesabiwa, jambo linalotuelekeza karibu na Septemba 2014. Ikiwa yuko sawa, hukumu yako ingali hai. Huenda pia alipunguza miezi ili apate namba nzuri, au aliihesabu riba kuanzia siku ambayo siyo. Ndiyo maana nakutuma masjala.

Nenda masjala ya kesi za madai katika jengo la mahakama Mombasa, ukiwa na kitambulisho na nambari ya kesi. Omba kusoma faili. Kuna ada ndogo, na kwa faili ya umri huu usishangae karani akikwambia iko stoo, urudi kesho. Kesi za miaka hiyo ni za makaratasi, hazimo kwenye mfumo wa mtandaoni ulioanza 2020. Wewe ni mhusika wa kesi, una haki ya kuisoma faili na kulipia nakala. Tafuta karatasi tano: hukumu yenyewe au dikrii (karatasi rasmi inayotaja kilichoamuliwa na kiasi cha kulipwa), na tarehe yake, kiapo cha mtu aliyepeleka samansi, notisi ya kukuarifu kwamba hukumu imeingizwa, ombi la utekelezaji, na waranti, yaani amri ya korti aliyopewa dalali ya kunasa mali. Ukiwa hapo hapo, hakikisha kwamba waranti hiyo ipo kweli. Siku hizi kuna watu wanaotembea na karatasi zenye mihuri ya kupendeza ambazo mahakama haizijui. Dalali halali ana leseni ya Bodi ya Leseni za Madalali na waranti yake ina nakala kwenye faili.

Ukikuta hukumu imepita miaka 12, ombi lako kortini litakuwa fupi: waranti ifutwe na utekelezaji usimamishwe kwa sababu muda umekwisha. Hapo usikubali jambo lolote la "lipa kidogo kidogo tumalizane". Kifungu cha 4(4) kina mlango wa nyuma ambao watu hawauoni. Ikiwa hukumu, au amri ya baadaye ya korti, inaagiza pesa zilipwe tarehe fulani au kwa awamu, miaka 12 huhesabiwa tangu siku uliposhindwa kulipa awamu hiyo. Kwa maneno mengine, mdaiwa aliyesaini makubaliano ya awamu yakawa amri ya korti, kisha akakwama tena, amewapa wadai wake hesabu mpya. Nimewaona watu wakiharakisha kusaini karatasi hiyo mlangoni kwao, dalali akiwa amesimama na vijana watatu na lori, bila kuuliza hukumu ni ya lini.

Lakini tuchukulie, kama hesabu ya riba inavyoashiria, kwamba hukumu ni ya 2014. Bado hujashindwa, na hapa ndipo faili inakuwa muhimu kweli.

Hukumu za aina yako karibu zote hutolewa upande mmoja. Mdai anadai kiasi kinachojulikana, mdaiwa hajajibu, basi wakili analeta kiapo kwamba samansi ilimfikia na siku za kujibu zimepita, na mahakama inaingiza hukumu bila kumsikiliza shahidi hata mmoja. Hakuna aliyepima kama friji iliyochukuliwa 2012 ilipunguzwa kwenye deni. Kila kitu kinaning'inia kwenye kile kiapo cha samansi. Kisome neno kwa neno. Kanuni zinamtaka aliyepeleka samansi aeleze saa na namna alivyoifikisha, na jina na anwani ya aliyemwonyesha kwamba huyu ndiye mdaiwa. Kama kimeandikwa kwamba alikukuta dukani kwako Likoni mwaka 2013, na wewe ulikuwa Ukunda, kusanya ushahidi wa Ukunda: risiti za kodi ya nyumba, rekodi za shule za watoto, barua ya chifu. Unaweza hata kuomba huyo aliyeapa aitwe kortini aulizwe maswali.

Mahakama hutofautisha hukumu mbili za upande mmoja. Ikiwa samansi haikukufikia kabisa, hukumu hiyo ina kasoro na inafutwa kama haki yako; hakimu haangalii una utetezi mzuri kiasi gani. Ikiwa ilikufikia ukakaa kimya, hukumu ni ya halali, na hakimu anaweza kuifuta kwa hiari yake chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, la Kanuni za Mwenendo wa Madai (Maagizo yote ninayotaja hapa ni ya Kanuni hizo), baada ya kupima sababu za kimya chako, muda uliopita, na kama una utetezi unaostahili kusikilizwa. Utetezi hapa si lazima uwe wa kushinda. Kwako upo: friji ilirudishwa dukani na huoni popote ilipotolewa kwenye hesabu. Tena mwambie wakili wako aangalie Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507. Inataka mikataba ya namna hiyo isajiliwe, na mteja akishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kuja kubeba mali bila kwenda kortini. Kama ulikuwa umefika theluthi mbili siku walipoibeba friji, wao ndio wana maelezo ya kutoa.

Hata hivyo lazima nikwambie ukweli mmoja ambao wakili wa duka atauona kabla ya mimi kumaliza sentensi. Unasema hukujua habari ya kesi hadi wiki hii, na papo hapo unasema ulilipa 45,000 mwaka 2015 kwa mtu aliyetumwa na wakili wa duka. Watauliza: mtu asiyejua kesi alikuwa akimlipa wakili kwa nini? Jiulize ulichoambiwa siku ile. Kama kijana alisema tu "unadaiwa na duka", hilo ni deni, si kesi, na kauli yako inasimama. Kama alitaja hukumu au korti, usiape kwamba hukujua. Hati ya kiapo ni kiapo. Ukishikwa na uongo mmoja hakimu hatakuamini na yale mengine ya kweli. Katika hali hiyo ombi lako lijengwe juu ya samansi kutokufika, na ueleze wazi kwamba ulipolipa ulidhani yamekwisha.

Kuna notisi mbili zaidi za kutafuta kwenye faili. Ya kwanza: hukumu ikiingizwa kwa sababu mdaiwa hakujibu, haiwezi kutekelezwa kabla mdaiwa hajapewa notisi ya siku zisizopungua 10 ya kwamba hukumu imeingizwa, na nakala ya notisi hiyo iwekwe pamoja na ombi la kwanza la utekelezaji. Ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi katika hukumu za zamani. Chini ya Agizo la 22, kanuni ya 18, ombi la utekelezaji likiletwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya dikrii, korti humwita kwanza mdaiwa aje aeleze kwa nini hukumu isitekelezwe. Mawakili huiita notisi ya kuonyesha sababu. Isipokuwa kama kulikuwa na ombi jingine la utekelezaji lililotolewa amri ndani ya mwaka uliotangulia, au hakimu aliandika sababu za kuiruka, waranti iliyotoka bila notisi hiyo ina ufa mkubwa. Kwako, kama hukumu ina miaka 11, ningeanzia hapo. Mdai aliyelala miaka yote hiyo mara nyingi huamka kwa pupa na kuruka hatua.

Ombi lako litapelekwa na hati ya dharura, likiomba kwanza utekelezaji usimamishwe, kisha hukumu ifutwe. Litoe ndani ya hizo siku saba, na amri ya kusimamisha ikipatikana mpelekee dalali na wakili wa duka siku hiyo hiyo. Uwe tayari korti ikikuambia uweke sehemu ya pesa kama sharti. Ni kawaida, na haimaanishi umeshindwa.

Sasa mali. Karatasi aliyokuachia inaitwa proklamesheni. Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka aandike kila kitu, hali yake na thamani yake, kisha akupe siku saba za kulipa kabla ya kugusa chochote. Hajaruhusiwa kuondoa kitu hata kimoja kabla siku hizo hazijaisha. Mwenye mali, au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi hapo, huombwa asaini. Kusaini si kukiri deni. Ni kukiri kwamba umeonyeshwa orodha. Ukikataa, yeye huandika cheti kwamba umekataa na kazi inaendelea. Mimi napendelea watu wasaini baada ya kusoma, na waandike pembeni kwa kalamu yao: "pikipiki si yangu". Angalia pia thamani alizoweka. Cherehani cha viwandani kikiandikwa shilingi 3,000, hiyo si thamani, ni dalili ya jinsi mnada utakavyokuwa. Mali ikiondolewa, lazima itangazwe gazetini na isiuzwe kabla ya siku saba tangu tangazo la kwanza. Kwa nyumba ya kuishi, sheria hairuhusu kuingia kunasa mali baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Na wakitaka kuvunja mlango au wakihofia fujo, taratibu zao zinawapeleka kwanza kuomba msaada wa polisi. Wakija usiku wakipiga teke mlango, piga picha, uandike majina, na uipelekee Bodi malalamiko.

Vyerehani vyako vitatu viondoe kwenye hofu yako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21, kinataja mali isiyonaswa, na humo mna zana na vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa kazi yake. Fundi cherehani bila cherehani si fundi. Watabishania hicho cha tatu, hasa kama kinashonwa na kijana uliyemwajiri, basi uwe na maelezo: kimoja cha kushonea, kimoja cha kufuma pindo, kingine cha vifungo, au vyovyote vilivyo. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yenu navyo haviguswi. Kifungu hicho kinakinga hata mapambo ambayo mwanamke, kwa desturi ya dini yake, hawezi kuachana nayo. Ni urithi wa sheria ya kikoloni iliyoletwa kutoka India, na mpaka leo ungali humo. Mtu wa mshahara analindwa theluthi mbili ya mshahara wake. Televisheni na viti, kwa bahati mbaya, havina kinga. Vinanaswa.

Friji ya mke wako ni habari nyingine. Yeye si mdaiwa. Kuolewa nawe hakukufanya deni lako liwe lake. Lakini dalali akikuta kitu ndani ya nyumba yako atakichukulia kuwa chako hadi mtu aseme vingine, na wa kusema ni mke wako mwenyewe, si wewe. Atoe pingamizi chini ya Agizo la 22, kanuni ya 51: notisi ya maandishi kortini na kwa pande zote, pamoja na ombi na hati yake ya kiapo, aambatanishe risiti yenye jina lake au taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alivyoilipia. Afanye hivyo mapema. Sheria inamruhusu kuleta pingamizi hata baada ya mnada, ilimradi pesa hazijagawiwa, ila kwa wakati huo atakuwa akifukuzia pesa badala ya friji. Ndugu yako afanye vivyo hivyo kwa pikipiki. Hapo kazi ni nyepesi zaidi kwa sababu ina logibuku, hati inayoonyesha mwenye pikipiki. Kama bado anailipia kwa kampuni ya mkopo na logibuku ina majina yote mawili, aiarifu kampuni hiyo leo. Kampuni za namna hiyo hazipendi kabisa kusikia pikipiki yao iko mikononi mwa dalali wa mtu mwingine, na zina mawakili wa kutosha.

Turudi kwenye 493,000, kwa sababu hata kama hukumu itasimama, kiasi hicho hakisimami. Kile kile kifungu cha 4(4) kilichowapa duka miaka 12 kinaendelea kusema kwamba malimbikizo ya riba juu ya deni la hukumu hayadaiki baada ya miaka sita tangu riba hiyo ilipoiva. Deni la msingi lina miaka 12, riba ina sita. Wakili wa duka amehesabu riba ya miaka 11. Miaka sita ya riba ni 141,120. Jumlisha 168,000 na gharama za kesi 22,000, unapata 331,120. Toa 45,000 uliyolipa 2015, inabaki 286,120. Kabla ya kuongeza ada ya dalali, tofauti na hesabu yao ya 448,720 ni shilingi 162,600. Hiyo ni riba ambayo hawana haki nayo na pesa ambazo wamekwisha kuzila.

Kuhusu hizo 45,000, usitegemee zitajiondoa zenyewe. Malipo yaliyofanywa nje ya korti yanatakiwa kuandikishwa kortini, na mdai ndiye aliyepaswa kuyaripoti. Asipofanya, mdaiwa anaweza kuyapeleka mwenyewe na kuomba mdai aitwe aeleze kwa nini yasirekodiwe. Tafuta ujumbe wa M-Pesa wa 2015. Kama simu ile ilikufa, omba taarifa ya laini hiyo kwa mtoa huduma. Linganisha nambari uliyoitumia na ya ofisi ya wakili wa duka. Kama ni nambari ya kijana binafsi itabidi uonyeshe alikuwa nani, na ndiyo maana ninawaambia watu kila siku: deni la korti lilipwe kortini, kwa akaunti ya wakili, au kwa mdai mwenyewe, kwa risiti yenye nambari ya kesi.

Ada ya dalali ya 44,280 nayo iulizie. Kanuni zina jedwali lake la ada, na aliyeleta proklamesheni tu hajafanya kazi ya mtu aliyebeba, akahifadhi na kuuza. Mkibishana, mahakama huitathmini.

Wasomaji wengi hutaja hapa ile kanuni kwamba riba haiwezi kupita deni la msingi. Ipo, kwenye kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, inatumika tangu 2007, lakini haikusaidii. Inahusu mikopo ya taasisi zilizo chini ya sheria hiyo, na duka la friji si benki. Na hata mwenye mkopo wa benki, kifungu chenyewe kinasema hakizuii riba inayohesabiwa chini ya amri ya korti baada ya amri hiyo kutoka. Kwenye hukumu ya zamani kinga yako ni ile ya miaka sita.

Jela. Ndiyo, jela ya madeni ipo Kenya, na si hadithi. Lakini kutokuwa na pesa si kosa. Kenya ilijiunga mwaka 1972 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao ibara yake ya 11 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba, na Katiba ya 2010 imeufanya sehemu ya sheria yetu. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliukataa mtindo huu wa kuwafunga wadaiwa. Mwaka 2012 uamuzi mwingine wa Mahakama Kuu ukasema sheria yenyewe haivunji Katiba ilimradi masharti yake yafuatwe. Masharti ndiyo haya: kwanza uitwe ueleze sababu, kisha hakimu aridhike kwamba unataka kutoroka, au umehamisha mali kwa hila, au umekuwa na uwezo wa kulipa tangu hukumu ukakataa. Kifungo hakizidi miezi sita, na mdai ndiye anayelipia posho ya chakula chako humo ndani, jambo linalowapoza wengi. Ukitoka deni linabaki, ila hawawezi kukukamata tena kwa dikrii hiyo hiyo. Wewe umenaswa kwenye mali, hujaitwa kwa jela. Siku ukipata wito wa aina hiyo, nenda. Wanaofungwa kwa madeni kwa kawaida ni wale waliopata wito wakabaki nyumbani, hakimu akaona kiti kitupu na kutoa waranti ya kuwakamata. Nenda na daftari la mapato yako ya mwezi, kodi ya chumba, karo, na useme unaweza kulipa kiasi gani.

Na hilo linatuleta kwenye njia ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo itakayokufaa iwapo masjala itathibitisha hukumu ni ya 2014 na samansi ilikufikia. Usipigane vita vya kufuta hukumu ambayo itakugharimu wakili wa 60,000 ili urudi kubishania friji. Peleka ombi la kulipa kwa awamu chini ya Agizo la 21, kanuni ya 12. Korti inaweza kulikubali hata kama duka halitaki, ukionyesha sababu ya kutosha. Pendekeza kiasi utakachokimudu mwezi wa Januari, si mwezi wa Idi ambapo unashona usiku kucha, kwa sababu ukikosa awamu moja dalali anarudi, na ile miaka 12 inaanza kuhesabiwa upya kutoka hapo. Deni uliloandikiwa kwenye ombi liwe 286,120, na uambatanishe hesabu ya riba ya miaka sita niliyokupigia hapo juu. Na kama mtaelewana na wakili wa duka nje ya korti, makubaliano yaandikwe, yasainiwe na pande zote, yapelekwe kwenye faili, na yataje wazi nani anamlipa dalali ada yake. Bila sentensi hiyo duka litakuacha, halafu dalali atarudi peke yake kudai zake.